Kisanduku cha kukarabatia vitabu: gundi safi, selotepu itupeni

Mimi ni mkutubi wa shule ya msingi, na ni bibi wa wajukuu ambao likizo zao huishia mezani pangu tukibandika vitabu. Ndiyo maana binti yangu aliniletea kisanduku hiki. Ndani kuna chupa ya gundi nyeupe, brashi mbili, karatasi nyembamba ya Kijapani, karatasi ya nta, kipande cha plastiki cha kulainishia mikunjo na roli ya selotepu. Nimekitumia kwa vitabu vya watoto, vitabu vinavyolaliwa, vinavyokaliwa na kurushwa mkobani, kwa hiyo naamini kimejaribiwa kisawasawa.

Chenye thamani humu ni gundi. Ni PVA, gundi nyeupe ya kisasa ya plastiki, isiyo na asidi. Inatoka nyeupe, ikikauka haionekani, na zaidi ya yote hubaki laini: ukifungua kitabu, mgongo unapinda nayo. Gundi inayokauka ngumu haifai kwa kazi hii, kwani kitabu kikifunguliwa kwa nguvu hupasuka palepale ulipobandika.

Maradhi makubwa ya vitabu vya shule ni jalada kulegea. Mtoto hukichomoa kitabu rafuni kwa kuvuta ncha ya juu ya mgongo, na mwisho wake kurasa zinabaki zikining'inia ndani ya jalada. Maelekezo ya kisanduku yanasema upake gundi kwa brashi. Msiyafuate. Chukua sindano ndefu ya kufumia sweta, ichovye kwenye gundi, simamisha kitabu wima, kisha uipenyeze kwenye ule uwazi wa pale jalada linapokunjika, huku ukiizungusha taratibu. Gundi inashika ndani kwa ndani bila kumwagikia kurasa. Geuza kitabu, fanya na upande wa pili. Weka karatasi ya nta kati ya jalada na kurasa, funga, laza sindano moja kwenye mfereji wa nje wa kila upande, halafu pandisha kamusi nzito juu yake hadi kesho. Kazi ya sindano nimemwachia mjukuu wangu wa kike, maana mkono wake hautetemeki. Nikimharakisha ananijibu, "Bibi, tulia, inaingia."

Karatasi ya Kijapani nayo ni nzuri kweli. Imetokana na nyuzi ndefu za gome la mti uitwao kozo, hivyo ni nyembamba lakini haichaniki ovyo. Usiikate kwa mkasi. Chora mstari wa maji kwa brashi, kisha ivute taratibu ichanike hapo. Ukingo unabaki na nyuzinyuzi zinazolala ndani ya ukurasa, na maandishi yanasomeka chini yake. Kwa ukurasa uliochanika mimi hupendelea gundi ya kupika ya wanga wa ngano, kwani hiyo ukiilowesha inaachia. PVA ikishakauka, basi, haiachii tena. Kwa hiyo kama mna kitabu cha ukoo, kile chenye majina ya wazee kwenye ukurasa wa kwanza, kisanduku hiki kisikikaribie. Na chenye ukungu kitengeni kabisa na wenzake, gundi haiponyi ukungu.

Sasa hiyo selotepu. Aliyeiweka humu hajawahi kufanya kazi maktaba. Selotepu ipo tangu 1930, na sisi wakutubi tunaendelea kubandua mabaki yake. Miaka ikipita gundi yake hugeuka njano, inapenya kwenye karatasi, plastiki inabanduka yenyewe na kuacha alama ya kahawia inayonata na ukurasa wa jirani. Rafu yetu ya 398.2, namba ya maktaba ya ngano na hekaya, ndiyo inayoazimwa kuliko zote, na humo yumo sungura mmoja mwenye mstari wa kahawia shingoni. Kuna mtu mwenye huruma aliwahi kumtibu kwa selotepu.

Nimeshaulizwa kwa nini nisiagize vipya tu. Vipya vije, navipokea kwa mikono miwili. Lakini kuna vitabu ambavyo havichapwi tena, na mtoto anayerudi kuomba kilekile kila wiki ukimpa kingine anakuangalia tu, kisha anaondoka mikono mitupu.

Brashi kubwa ni imara. Ile ndogo inatoa manyoya yanayoganda kwenye gundi, tafuteni nyingine. Nawapa nyota nne. Chupa ya gundi ni ndogo mno. Wangeiondoa selotepu wakaweka chupa kubwa, wangepata ya tano. Na sindano za kufumia waziweke humohumo, kwa sababu zangu zimejaa gundi na sweta ya mjukuu wa mwisho bado haina mkono wa kushoto.