TAHADHARI Kigoma: jamaa wa kuhamisha kanda za harusi kwenye DVD, msimpe hela ya "kusafisha kanda"

Ndugu zangu wa Mwanga, Ujiji, Gungu mpaka Mwandiga, kuna jamaa anapita nyumba kwa nyumba na begi la laptopu, anasema anahamisha kanda za zamani kwenda kwenye DVD. Mpole, shikamoo nyingi, mimi kanipiga laki moja na kanda yangu moja hajarudisha mpaka leo.

Nilimpa kanda tatu zile ndogo za mini DV, sendoff ya dada 2006, elfu ishirini kila moja. Mle ndani yumo mama yetu, alifariki 2019, na hatuna sehemu nyingine yoyote anaposikika akiongea. Siku DVD imeletwa tumekaa familia nzima, shangazi katoka Ujiji, tunaweka kwenye deki, mama anaingia ukumbini anacheza anapunga leso, af ule mkono unaenda mbele unarudi nyuma kidogo unaenda tena, kama mtu mwenye homa. Kila kinachotembea kiko hivyo, ila mtu akisimama picha inatulia. Mistari ya vitenge nayo inapepesa mpaka macho yanauma. Shangazi akasema zimeni tu.

Nikampigia simu, hata kuja kuangalia hakuja, akasema kanda imeota fangasi, ongeza elfu arobaini niisafishe na dawa. Nikatoa, ningefanyaje, ni mama. DVD ya pili ikaja na zote tatu kwenye diski moja, mkono hautetemeki sana ila picha ina ukungu, watu wakicheza wanaacha kivuli nyuma yao, na akarudisha kanda mbili tu.

Nikapanda treni mpaka Tabora kwa binamu yangu, kazi yake kushuti harusi miaka mingi. Akatoa kamera yake ya zamani, akaingiza kanda, akachomeka ule waya wa njano kwenye TV. Mama akacheza vizuri kabisa, leso inapaa laini. Nililia palepale. Kanda haikuwa na fangasi wala nini.

Alivyonieleza ni hivi, na naomba muelewe maana hapa ndipo jamaa anapata ulaji. Zile kamera za PAL, yaani mfumo wa TV wa huku kwetu, zinarekodi picha 25 kwa sekunde, lakini kila picha ina nusu mbili, mistari imepishana, nusu moja inachukuliwa kwanza na nyingine inafuata muda mdogo sana baadaye. Kanda za DV zinaanza na nusu ya chini. Jamaa kwenye programu yake kaweka nusu ya juu ianze, kwa hiyo TV inaonyesha la baadaye kabla ya la kwanza, ndo maana mkono unaenda unarudi. Setingi moja tu! Na DVD ya pili kaigeuza NTSC, mfumo wa Marekani wa picha 29.97 kwa sekunde, programu ikachanganya picha mbili kuwa moja ili kujaza pengo, ndo kile kivuli. Af kabana masaa matatu kwenye diski ya 4.7 GB ambayo ukitaka picha nzuri inabeba kama saa moja, ndo ukungu ule.

Kanda ya DV ikiwa chafu au imeharibika kweli dalili zake ni nyingine: picha inakatika miraba miraba na sauti inapotea. Mtu akikuambia fangasi wakati unachoona ni kwenda na kurudi, usitoe hata mia.

Sisi tulihamisha upya kwa waya wa faya-waya moja kwa moja kutoka kamera hadi laptopu, PAL, ukubwa wa picha 720 kwa 576, picha 25, nusu ya chini kwanza, kisha DVD tukaitengeneza kwa Mbps 8 hivi (kiasi cha data kwa kila sekunde ya picha), kanda moja diski moja. Ile mistari ya vitenge inapepesa kwa sababu mstari mwembamba sana unaangukia nusu moja ya picha tu, basi binamu akailainisha kidogo kutoka juu kwenda chini. Kidogo sana, ukizidisha sura za watu zinafifia.

Kitu kingine, jamaa anakuonyesha sampo kwenye laptopu yake na pale inaonekana safi, mimi mwenyewe niliiona nikaridhika. Laptopu mara nyingi inaunganisha zile nusu yenyewe kwa hiyo ubovu haujitokezi sana. Mwambie achome dakika mbili tu, sehemu watu wanacheza, muweke kwenye deki na TV yako hapo sebuleni kabla hujampa hela. Na usimpe kanda zote siku moja, mpe moja, irudi mkononi ndo umpe nyingine.

Hiyo yangu aliyobaki nayo ina kasha la plastiki lenye ufa pembeni, juu imeandikwa kwa peni nyekundu SENDOFF 3, mwandiko wa mama mwenyewe. Ndo yenye wosia aliompa dada. Yeyote atakayeiona kwa fundi yeyote au kwenye vitu vya mtu naomba aishike aniambie, nitaifuata hata iwe Kasulu, na kama ni hela ya kuikomboa nitatoa.