Tahadhari: "Lateksi 100%" iliyopandishwa ngazi na kijana mmoja

Ndugu zangu mnaotafuta godoro la lateksi, yaani povu la mpira, siku hizi, someni hii kabla hamjatuma hela. Mimi nimeshapigwa, na nilipigwa macho yakiwa wazi kabisa.

Dalili ya kwanza ilinifuata hadi mlangoni, nami nikaishangilia. Kijana wa mizigo alipanda ngazi peke yake, godoro limeviringishwa begani, simu sikioni, anacheka na mwenzake. Nikamwambia mke wangu, "Unaona? Vitu vya kisasa ni vyepesi." Godoro la lateksi tupu la ukubwa ule hubebwa na watu wawili, tena wakitua katikati ya ngazi kupumua. Na kwenye karatasi ya mzigo uzito ulikuwa umeandikwa waziwazi: kilo 23. Nilitia sahihi chini ya namba hiyo bila kuisoma.

Jina la muuzaji silitaji. Madai yangu hayajaisha, na isitoshe ukurasa wake umeshabadilishwa jina, kwa hiyo hata nikilitaja leo halitamsaidia mtu kesho. Ninachoweza kuwapa ni jinsi mchezo wenyewe unavyochezwa.

Tangazo lilisema "lateksi 100%, asilia, kutoka mti wa mpira". Miezi saba ya mwanzo tulilala bila shida. Baadaye upande wangu ukaanza kubonyea palepale nyonga inapokaa, na asubuhi shimo halirudi juu. Hapo ndipo nilipoanza kusoma vitu ambavyo ningevisoma kabla ya kulipa. Lateksi nzuri sifa yake kubwa ni kurudi: ukiibonyeza, ukiiachia inaruka palepale kama mpira, na inakaa hivyo kwa miaka mingi. Shimo la nyonga ndani ya miezi saba ni tabia ya sponji hafifu.

Kitambaa cha juu kilikuwa kimeshonwa pande zote, hakina zipu. Pembeni palikuwa na kitambulisho kidogo: kifuniko kikifunguliwa, waranti inakufa. Nililala na swali la kukifungua au kukiacha wiki mbili. Mwishowe nikachukua wembe. Juu kabisa nikakuta tabaka la lateksi, jeupe, lenye matundu, sentimita 4. Chini yake sentimita 16 za sponji ya kawaida ya njano, ile ile inayojaza makochi ya bei ya chini.

Nikatuma picha. Jibu la kwanza lilikuwa tamu: "Bosi wangu, hiyo ni lateksi ya kizazi kipya, rangi tu ndiyo tofauti." Nikatuma video nikibonyeza tabaka zote mbili. Jibu la pili: "Mbona umechana kifuniko? Umeshavunja masharti." Jibu la tatu ndilo lililonifanya niandike hapa: "Tangazo lilisema lateksi 100%. Lateksi iliyomo ndani ni 100%."

Rudieni kuisoma sentensi hiyo polepole. Huyo mtu hakujikwaa, aliyapanga maneno tangu mwanzo. Asilimia 100 ilikuwa ya lile tabaka, haikuwa ya godoro. Na ushonaji wa kifuniko ulikuwa sehemu ya mpango: ili ujue umeuziwa mbuzi kwenye gunia, lazima ulichane gunia, na ukilichana huna tena haki ya kudai.

Hata pale ambapo godoro zima ni lateksi kweli, maneno yana mitego. Kuna lateksi inayotokana na utomvu wa mti wa mpira, na kuna ya kiwandani inayotengenezwa kwa kemikali za mafuta ya petroli. Zote mbili huitwa lateksi. Kwa hiyo "lateksi 100%" inaweza kuwa ya petroli mwanzo hadi mwisho na muuzaji asiwe amesema uongo. Mchanganyiko wa hizo mbili si dhambi, watu wengi wanaulalia vizuri tu; dhambi ni kuutoza bei ya asilia. Swali la kumwuliza, kwa maandishi, ni hili: "Ukitoa kitambaa, godoro lote kutoka juu hadi chini limetengenezwa kwa nini, kila tabaka ni la sentimita ngapi, na mpira asilia ni asilimia ngapi?" Muuzaji mkweli anajibu kwa mstari mmoja. Pengine atakuambia hata kwamba si asilimia 100 kamili, kwa sababu mpira hauumuki wala hauivi bila sabuni, salfa na oksidi ya zinki kidogo. Ukipata jibu la namna hiyo, una mtu anayeijua bidhaa yake. Wangu alinijibu kwa picha ya shamba la miti ya mpira na emoji tatu.

Sasa uzito, maana hapa ndipo ningejiokoa. Lateksi ya njia ya Dunlop, ile ya zamani iliyoanza mwaka 1929, mara nyingi ina kilo 70 hadi 90 kwa kila mita moja ya ujazo. Ile ya Talalay, ambayo povu lake huvutwa hewa na kugandishwa kwa baridi kabla ya kuivishwa, huwa nyepesi zaidi, lakini bado ni nzito kwa mbali kuliko sponji. Sponji ya kawaida ya poliyurethani inaweza kuwa kilo 20 au 25 tu. Chukua godoro langu: mita 1.5 kwa mita 2 kwa sentimita 20. Zidisha, unapata mita za ujazo 0.6. Likiwa Dunlop tupu la kilo 75 kwa mita ya ujazo, linatakiwa kufika kilo 45 kabla hujavisha kitambaa. Likiwa sponji tupu la kilo 25, ni kilo 15. Langu lilikuwa kilo 23 pamoja na kifuniko. Hesabu ya darasa la sita, na ilikuwa mkononi mwangu pamoja na kalamu ya kutia sahihi.

Kwa anayenunua mtandaoni hii ndiyo silaha kubwa, kwa sababu huwezi kubonyeza picha. Uliza uzito wa mzigo kabla ya kulipa. Muuzaji yeyote anayesafirisha anaujua, ndio anaolipia usafiri. Akisema "hatujawahi kupima", achana naye. Akikupa namba, fanya hesabu yako, na mzigo ukifika uuweke kwenye mizani ukiwa bado umefungwa.

Nikiri kwamba mizani nayo inaweza kudanganywa. Wapo wanaochanganya lateksi na unga wa chokaa au udongo ili iwe nzito na mpira utumike kidogo. Lateksi ya namna hiyo ina uzito lakini haina uhai: ukiikunja pembe inaweka mistari ya nyufa, ukiisugua inaacha unga kwenye vidole, na baada ya muda inaanza kumong'onyoka. Kwa hiyo uzito mdogo unakuambia moja kwa moja kwamba umeibiwa, ila uzito mkubwa haujakuambia kwamba umepona. Kunja pembe, sugua, angalia vidole.

Kuhusu matundu: msiyaamini sana. Matundu ya lateksi yanatokana na vijiti vya ndani ya kalibu vinavyopeleka joto katikati ili mpira uive sawasawa. Watu wameshajua kwamba wateja hutafuta matundu, wakaanza kuitoboa sponji. Msiiamini pua peke yake pia. Mpira wa kweli una harufu yake, kidogo ya utamu, inayopungua kwa siku kadhaa. Harufu kali ya rangi au gundi inayouma macho ni jambo jingine. Lakini mimi harufu sikuisikia vibaya hata kidogo, kwa sababu juu kulikuwa na lateksi kweli.

Vyeti sasa. Muuzaji wangu alibandika alama ya CertiPUR-US chini ya tangazo, nami nikafarijika kuona kuna alama. Hiyo ni alama ya sponji ya poliyurethani! Lateksi haiingii humo kabisa. Jamaa alikuwa ameungama hadharani na mimi nikamshukuru. OEKO-TEX Standard 100 ni ya kweli na inafaa, lakini inapima vitu vyenye madhara tu. Haisemi kwamba mpira umetoka mtini, na lateksi ya kiwandani inaweza kuipata vilevile. Inayohusu lateksi ya kilimo hai ni GOLS, ambayo inadai angalau asilimia 95 ya malighafi hai iliyothibitishwa. Halafu angalieni cheti ni cha kitu gani: mara nyingi ni cha pamba ya kifuniko, wala hakigusi kilichomo ndani. Cheti halali kina namba, na namba ya OEKO-TEX unaweza kuitafuta mwenyewe kwenye tovuti yao. Picha ya cheti iliyofifia, isiyosomeka namba, ihesabu kama haipo.

Ya kurudisha mzigo ndiyo yaliyonichoma zaidi baada ya pesa. Tangazo lilisema "siku 30 za kujaribu, ukichoka rudisha". Masharti, chini kabisa, yalisema godoro lirudishwe "katika kifungashio chake cha awali". Godoro lililonyonywa hewa na kuviringishwa kwa mashine, ukishakata nailoni linafura, na hakuna mwanadamu atakayelirudisha ndani ya ile nailoni. Tulijaribu kwa magoti, mimi na shemeji yangu, na kamba mbili. Tuliishia kucheka. Kwa hiyo kabla ya kulipa uliza mambo mawili: litarudishwaje likiwa limefura, na nauli ya kurudi ni ya nani. Na uliza kama waranti inahesabu kubonyea, na kwa sentimita ngapi, maana wapo wanaoweka kiwango kikubwa hivi kwamba utakuwa umeshalala sakafuni kabla hakijafikiwa.

Wanaokwenda dukani wana nafuu, mradi wasione haya. Dai kifuniko chenye zipu, na fungua zipu hapo hapo mbele ya muuzaji. Shika kiini, angalia ubavuni: ni rangi moja kutoka juu hadi chini au kuna mstari wa gundi? Bonyeza kwa kiganja upande wa juu, kisha upindue ubonyeze upande wa chini, kwa sababu uongo hukaa chini. Alama ya kiganja ikibaki na kupotea taratibu, hiyo ni ile sponji inayoshika umbo la mwili. Ukiridhika, weka alama yako ndogo ya kalamu kwenye kiini na uiandike kwenye risiti, maana linaloonyeshwa na linaloletwa nyumbani si lazima wawe ndugu. Na risiti iandikwe vilivyomo. Neno "godoro" peke yake kwenye risiti halikusaidii popote.

Malipo: mimi nilituma kwenye akaunti ya mtu binafsi kwa sababu "ya kampuni ina matengenezo". Ndiyo, najua. Lipa kwa njia ambayo unaweza kupinga malipo, au lipa mzigo ukishapimwa. Na ile saa ya punguzo inayohesabu kurudi nyuma, dakika 14, dakika 13, ifungue tena kesho yake. Ya kwangu ilikuwa imeanza upya.

Kwa wenye bajeti ndogo ambao bado wanaitaka lateksi, kuna njia ya haki kuliko niliyopita: nunua tabaka la lateksi la sentimita 5 hadi 8 peke yake, ulitandike juu ya godoro gumu ulilo nalo. Hapo unajua unachokilipia, kinaonekana pande zote mbili. Lisikae juani, mwanga wa jua huila lateksi ikawa ya manjano na kupasukapasuka. Na mwenye mzio wa mpira asilia aongee na daktari wake kwanza.

Kama umeshanunua na una wasiwasi, usishike wembe kama mimi. Pima uzito kwanza, piga picha ya kila pembe na kitambulisho, mwandikie muuzaji ukitaka yeye mwenyewe afungue au akuruhusu kwa maandishi kufungua. Hifadhi tangazo lote kwa picha ya skrini leo hii, kwa sababu langu nilipolirudia neno "asilia" lilikuwa limeshafutwa.

Juzi nimeliona tangazo lile tena, kwa jina jipya. Picha ni ile ile: kitanda cha shuka la kijivu, dirisha upande wa kushoto, kikombe cheupe juu ya vitabu viwili, na kwenye pembe ya godoro mkono wa mtu umeshika tabaka la juu. La juu tu. Mkiiona, mwulizeni chini kuna nini.