Bombomu yangu iligeuka, haikusogea: uzoefu wangu katika chumba cha michezo ya vita

Nilikusudia kukipa chumba hiki nyota nne, na hadi ninapoandika bado sijaamua kama hasira yangu inatosha kuzishusha hadi mbili au hadi moja. Ni chumba cha michezo ya vita ya mezani hapa Mtwara mjini, ambako mtu hulipia meza kwa saa akapatiwa sanamu ndogo za askari, dadu na kitabu cha kanuni, na akiongeza shilingi 2,000 hupewa mwamuzi wa kukata shauri pale wachezaji wanapopishana. Hizo 2,000 ndizo ninazozililia.

Mimi ni fundi cherehani. Inchi ndiyo riziki yangu, na mchezo huu wote huendeshwa kwa inchi: askari wa miguu husogea inchi 6, bombomu, yaani sanamu ya bunduki ya rashasha, hupiga hadi inchi 24. Ndiyo maana huenda na futi yangu mwenyewe, kwa sababu ile ya pale ni ya chuma, ya mafundi seremala, na kichwa chake kinacheza.

Jumamosi moja, msimu wa korosho ukielekea ukingoni, nilipambana na mwalimu wa sekondari, mtu wa Masasi, kwenye meza iliyopangwa kwa mfano wa mapigano ya Mahiwa ya Oktoba 1917, yale ambayo Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, na askari wake walipigana na jeshi la Waingereza kwa siku nne huko Lindi, kabla hawajavuka Ruvuma. Meza ilipendeza mno: mchanga wa pwani, vichaka vya makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, na korongo lililochimbwa hasa, si la kuchora. Kwa meza ile peke yake ningewasifu mwaka mzima.

Kitabu kinasema kwamba bombomu iliyosogea haipigi katika zamu hiyohiyo, lakini hakisemi popote kama kugeuka palepale ni kusogea. Bombomu yangu ilikuwa inatazama korongo, na kikosi cha mwalimu kikachomoza ubavuni kwangu, kushoto. Nikaigeuza palepale ilipokuwa, nikachukua dadu. Mwalimu akaufunika mkono wangu kwa adabu, akasema, “Fundi, hiyo imesogea.” Nikamjibu, “Mwalimu, imegeuka.” Tulicheka, maana kila mmoja aliona kwamba mwenzake hana hila, tukamwita mwamuzi tuliyemlipia.

Alikuja kijana na simu sikioni. Hakutoa shikamoo kwa watu wawili wenye mvi, hakuinama kutazama meza, hakugusa futi wala kitabu. Alisema tu, “Imesogea. Endeleeni.” Nilimwuliza kwa upole ni kifungu gani kinachosema hivyo, naye akanijibu, “Mzee, hapa si barazani kwenye bao. Kama unataka kubishana, cherehani yako inakusubiri.”

Afadhali angelitaja bao kwa heshima. Bao lina mashimo 32 na kete 64, kanuni zake nilifundishwa kwa mdomo tu, na katika miaka yangu yote ya kulicheza sijaona shauri likikatwa na mtu ambaye hajautazama ubao. Mchezaji akidai kwamba hana cha kula ilhali anacho, wazee waliokaa pembeni humwonyesha shimo kwa kidole, na maneno huishia hapo.

Sasa niseme lile ambalo sikupenda kulisema. Usiku ule nilichora kitako cha bombomu yangu, yaani kibao ilichosimama juu yake, kwenye karatasi ya kukatia mitindo. Urefu wake ni inchi 4 na upana inchi 2, na mtutu umelala kwa urefu. Kabla sijaigeuza, ukingo wa kushoto ulikuwa inchi 1 kutoka katikati. Baada ya kuigeuza, ukingo ule uliomwelekea adui ukawa inchi 2 kutoka katikati. Kikosi cha mwalimu kilikuwa inchi 25 kutoka ukingo wangu, nje ya shabaha, na baada ya kugeuza kikawa inchi 24 kamili. Nilijipatia inchi nzima bila kutembea. Mwalimu alikuwa na hoja, na kijana yule, kwa kubahatisha, huenda alisema kweli. Kupimia katikati ya kitako, ili kugeuka kusiwe na faida, au kupimia ukingoni na kuhesabu kila kilichoongezeka, vyote viwili vinachezeka, mradi iamuliwe kabla dadu haijarushwa. Nilipofika hapo nilikuwa tayari kurudisha nyota zangu nne.

Kisha nikakumbuka meza ya jirani. Muda mfupi kabla ya hapo, kijana huyohuyo alimruhusu rafiki yake kugeuza mzinga wenye kitako kirefu kuliko changu na kupiga palepale, akitangaza kwa sauti kwamba kugeuka ni bure. Tena ukurasa wa mwisho wa kitabu chao unasema kwamba wachezaji wasipoafikiana warushe dadu, 1 hadi 3 kwa huyu na 4 hadi 6 kwa yule. Nilipomwomba turushe, alijibu kwamba ameshasema. Simkatai mwamuzi kuwapo. Maofisa wa Prusia, dola ya zamani ya Wajerumani, walipoonyeshwa mchezo wa namna hii mwaka 1824, mwamuzi alikuwamo tangu mwanzo. Lakini huyu wetu ana sheria ya rafiki na sheria ya mteja, na anatoza kwa zote mbili. Nyota moja, na hiyo ni ya korongo.

Hata hivyo nitarudi. Nimekata duara la kadibodi ngumu lenye kipenyo cha inchi 4, nikabandika bombomu juu yake, kwa kuwa duara likigeuka ukingo wake hauendi popote. Nilimtumia mwalimu picha. Akanijibu kwamba limekatwa vizuri sana, ila sasa ukingo wangu uko inchi 2 kutoka katikati kila upande, kwa hiyo ubavuni nimeongeza inchi nzima kabla hata ya kugeuka, na je, fundi, hiyo nayo siyo kusogea? Hilo bado hatujaafikiana.