Genesee Cream Ale: usilitikise kopo

Shemeji yangu alipoona neno Cream kwenye lile kopo la kijani, alilitikisa sawasawa kabla ya kulifungua, kama anavyotikisa mtindi. Nusu ya bia ikaishia kwenye zulia. Kwa hiyo nianzie hapo: Genesee Cream Ale haina maziwa wala krimu, hata tone. Jina linatokana na ulaini wake mdomoni.

Naishi Rochester, jimbo la New York, mwaka wa nne huu, na bia hii inatengenezwa hapahapa mjini, karibu na maporomoko ya High Falls ya mto Genesee. Wenyeji wanaiita Genny. Ipo sokoni tangu 1960, na wazee ninaofanya nao zamu ya usiku wanaitaja kama sisi Watanzania tunavyoitaja bia ya Safari. Si bia ya kujionyesha nayo.

Bia za namna hii ni ubunifu wa Wamarekani. Karne ya 19 wahamiaji wa Kijerumani walileta laga, bia inayolazwa kwenye baridi, wateja wakaipenda, na waliokuwa wakipika ale, bia inayochachushwa kwenye joto zaidi, wakaona biashara inawaponyoka. Wakaja na ujanja: chachusha kwa hamira ya ale, halafu iache ilale kwenye baridi kama laga mpaka itulie. Kwenye shayiri wengi huongeza mahindi ili bia iwe nyepesi. Mahindi! Mimi mtoto wa Mbeya, nimekua naona komoni, pombe yetu ya mahindi, ikipitishwa kwenye kata, sikutegemea kuyakuta tena mahindi huku kwenye theluji. Ila komoni unaitafuna, hii inateleza.

Niliimimina kwenye glasi iliyosuuzwa vizuri (baa moja niliwahi kupewa glasi inayonuka sabuni, povu likafa kabla sijakaa). Rangi ni dhahabu iliyopauka, unaona vidole vyako upande wa pili. Povu jeupe, linapanda haraka na kushuka haraka. Harufu ni ndogo: mkate, na utamu wa mbali kama wa hindi bichi. Ukimeza, utamu ndio unaotangulia, kisha hopsi, maua yanayoipa bia uchungu, zinagusa nyuma ya ulimi kidogo tu, kama jirani aliyepita kusalimia bila kuingia ndani. Kilevi ni asilimia 5.1, lakini hukisikii mdomoni. Utakisikia ukisimama.

Nilikunywa na chipsi mayai zenye pilipili nyingi, na hapo ndipo ilipoonyesha kazi yake: inaosha mafuta, inapoza ulimi, unarudi kwenye sahani.

Kasoro sasa. Nyumbani mhudumu hukuuliza, "Baridi au moto?" na mimi ni mtu wa moto tangu zamani. Hii usithubutu. Niliacha robo ya glasi mezani nikiongea na mama kwa simu, na mama akishika simu haachi, niliporudi ilikuwa inanuka maji ya sufuria yaliyochemshiwa mahindi. Niliimwaga. Na anayependa bia yenye uchungu wa kukunja uso ataiona kama soda.

Naipa 7 kwa 10, ikiwa imetoka kwenye friji sasa hivi. Shemeji anaipa 8, ingawa yeye alionja nusu tu.