Kinyozi wa Ngamiani: ukimharakisha unageuka "bwana"

Kama unatafuta kiduku, panki au ule unyoaji wa kushusha pembeni mpaka ngozi ionekane, usipoteze nauli yako ya bodaboda. Kinyozi huyu wa Ngamiani ana mitindo mitatu tu: kipara, kifupi na "kama kawaida". Lakini kwa ndevu, hapa Tanga mjini sijaona wa kumsogelea.

Kiti ni kimoja, cha mbao. Anakupaka povu la sabuni kwa burashi, anakuacha ukae nalo nywele zilainike, na huo ndio muda wake wa kumalizia kikombe cha kahawa. Halafu anafungua wembe mpya mbele ya macho yako, anauvunja katikati ukiwa ndani ya karatasi yake, nusu moja anaipachika kwenye mpini. Mara ya kwanza anafuata nywele zinakolalia, mara ya pili anapita kwa ubavu. Kooni hapandishi wembe kinyume hata umbembeleze, maana nywele zetu hizi za kujikunja zikikatwa kinyume zinarudi kuchomea ndani ya ngozi, na hapo ndipo vipele vinapozaliwa. Mwisho anakupitishia jiwe la shabu lililoloweshwa maji. Linachoma kidogo, kisha vidamu vyote vinakata. Shingo yangu, iliyokuwa imeharibiwa na mashine za kila mahali, sasa naweza kuifungia kola.

Sasa niseme kinachofanya watu wavumilie foleni. Mzee huyu anaita watu "yakhe". Kwa asili ni Kiarabu, ewe ndugu yangu, na zamani wanaume wa pwani waliitana hivyo barazani bila kufikiri. Siku hizi vijana wanalitamka wakitaka kuwaigiza Wazanzibari tu. Wanawake wetu wameshikilia shoga lao mpaka leo. Sisi la kwetu tumeliachia, tumebaki na bosi, mkuu, kiongozi, mwamba. Kwenye saluni moja ya vioo na kiyoyozi niliitwa bosi mara nyingi sana na kijana ambaye papo hapo alikuwa ananijumlishia bei ya skrabu nisiyoiagiza.

Kwa mzee, yakhe haigawiwi ovyo. Watoto wote ni "babu". Mwanangu yuko kidato cha pili, na miaka yote wimbo ulikuwa "babu, inamisha kichwa". Likizo iliyopita mzee akamtazama mdomo wa juu, akamuuliza, "Yakhe, na hizi tuziondoe ama waziacha?" Kijana akajibu "ziondoe" kwa sauti nzito ambayo nyumbani hatujawahi kuisikia, na tangu siku hiyo hataki tena kunyolewa na mtu mwingine.

Wanaoshuka kutoka Lushoto wanaitwa "mgosi", yaani mwanamume kwa Kisambaa, kwa heshima ya kwao, na mtu akiwa ni shabiki wa Coastal Union, timu ya hapa Tanga inayoitwa Wagosi wa Kaya, anajiona ameitwa mara mbili. Mzee mwenyewe ni African Sports wa damu, mahasimu wa Coastal hapa hapa Tanga. Ukiutaja ubingwa wa ligi wa Coastal wa 1988 ukiwa kitini, jua wembe utasimama hewani mpaka hoja iishe. Usiutaje una povu usoni.

Na "bwana" je? Bwana ni kadi ya njano. Kuna mteja alikuja na funguo za gari mkononi, akatazama saa, akauliza wamebaki wangapi. Baadaye kidogo akauliza tena. Mzee hakugeuka: "Kaa kitako, bwana. Zamu yako yaja." Wazee wa kwenye benchi wakatazamana. Yule ndugu alinyolewa vizuri kama sisi sote, hilo nalishuhudia, ila alinyolewa kimyakimya, bila kuulizwa hali ya nyumbani wala samaki wa leo wanauzwaje.

Kasoro zipo. Foleni haina mpangilio. Unauliza nani wa mwisho, na wa mwisho huyo huenda ametoka kununua mihogo. Feni inaelekezwa kwa mzee, si kwako. Taulo la shingoni ni moja kwa watu wengi, na hili kwa kweli halikubaliki. Mimi naenda na langu. Siku ya kwanza nililitoa kwa kujificha nikihofia atanuna, akaliona. "Afadhali, yakhe, hilo la kwangu limechoka." Lakini mpaka leo hajanunua jingine.

Ndevu ni 1,500, kichwa 2,000, vyote pamoja 3,000. Anapokea fedha mkononi tu, na ukimtolea noti ya 10,000 asubuhi utatumwa dukani kutafuta chenji wewe mwenyewe. Umeme ukikatika kazi haisimami, anashika mkasi na kitana, tena mimi naona anakata vizuri zaidi hivyo. Adhuhuri anafunga kwa swala na chakula, anarudi alasiri. Ijumaa asubuhi nusu ya Ngamiani iko pale, kwa hiyo nenda katikati ya wiki.

Nampa nyota nne. Ya tano nimeizuia mpaka alete taulo.