Kipimo cha haraka cha homa ya ini B kwa mtoto: kizuri, ila kinajibu swali moja tu

Maabara ndogo za Tanga mjini hutumia vipimo vya haraka vya homa ya ini B vya aina mbili. Kuna utepe, unaotaka seramu (majimaji ya damu), kwa hiyo lazima damu ivutwe mshipani na izungushwe kwenye mashine. Na kuna kaseti, inayopokea damu ya kidole. Kwa mtoto tunachagua kaseti bila kusita. Matone mawili na dawa yake ya chupani vinatosha, na kwa mtoto mchanga hutobolewa kisigino badala ya kidole.

Udhaifu wake mkubwa hapa Pwani ni joto na unyevu. Vipimo vingi vimeandikwa vihifadhiwe kati ya nyuzi 2 na 30, na boksi lililoachwa kwenye rafu inayopigwa na jua la Januari hupita hapo kirahisi. Hakikisha mfuko wa kaseti unachanwa mbele yako na kile kipakiti cha kukausha unyevu kimo ndani. Majibu husomwa kwa dakika 15 au kadiri karatasi ya kipimo husika inavyoelekeza. Yakisomwa baada ya nusu saa, mstari wa uongo unaweza kujitokeza. Mstari wa C (wa kuhakiki kipimo) usipotokea, kipimo kimeharibika, kirudiwe. Mstari wa T (wa majibu) ukiwa hafifu bado ni chanya, hakuna "chanya kidogo".

Swali kinalojibu ni hili: je, virusi vimo mwilini sasa? Hakisemi kama maambukizi ni mapya au ya siku nyingi. Kujua hilo kunahitaji kipimo kingine cha damu, kingamwili ya IgM dhidi ya kiini cha kirusi, na majibu ya kaseti yanayobaki chanya zaidi ya miezi 6 huhesabiwa kuwa ugonjwa sugu. Jambo moja linalosahaulika sana: mtoto aliyechanjwa karibuni (pentavalenti, chanjo yenye kinga ya homa ya ini B, ya wiki ya 6, 10 au 14) anaweza kutoa chanya ya muda kwa takriban wiki 3. Usimpime kipindi hicho.

Kwa kazi hiyo moja tunakipa nyota 4 kati ya 5. Kwa mzazi anayetaka kimtambulie dalili, nyota 1, maana dalili hutambuliwa kwa macho.

Na macho yenyewe hudanganywa. Watoto wengi walio chini ya miaka 5 hawaonyeshi chochote, na hao ndio walio hatarini zaidi kubaki na kirusi. Anayeugua huanza kama mwenye malaria: kijihoma, uchovu, kukataa chakula, kutapika, maumivu chini ya mbavu za kulia. Wengi hupewa mseto hapo, wakati mwingine bila hata kupimwa. Viungo vinaweza kuuma. Baadhi hutokwa vipele vidogo mashavuni, mikononi, miguuni na makalioni huku kifua na mgongo vikibaki safi.

Kisha mkojo hubadilika rangi kama chai ya rangi, na kinyesi hupauka. Manjano (macho na ngozi kuwa ya njano) huja baadaye, na homa mara nyingi hushuka wakati huohuo, mzazi akadhani amepona. Mkague mchana, mlangoni, si chini ya taa: aangalie chini, nawe uinue kope la juu. Mtoto anayekula sana papai na karoti huwa na viganja vya njano, lakini weupe wa macho haubadiliki.

Akianza kulala mchana na kukesha usiku, kuongea asichoeleweka, kutokwa damu puani au kwenye fizi, au kutapika bila kukoma, achana na kaseti. Mpeleke Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo, siku hiyohiyo. Asipewe aspirini wala dawa za miti shamba. Hata parasetamo ipimwe kwa uzito wake na mtaalamu.

Kaseti ikisema hasi na macho bado ni ya njano, msirudi nyumbani. Homa ya ini A, malaria na selimundu huleta manjano vilevile, na homa ya ini B yenyewe hupita kipindi ambacho kaseti haioni kitu ilhali IgM bado ipo. Ombeni IgM hiyo, bilirubini (rangi ya njano iliyomo kwenye damu) na kipimo cha ALT, kimeng'enya kinachoonyesha ini likiumia.