Lori la mitumba la kuanzia biashara: tazama chesisi kwanza, injini baadaye

Lori langu la kwanza, Fuso Fighter niliyoilipia shilingi milioni 41 katika yadi moja ya Dar es Salaam, lilikuwa na injini nzuri kiasi kwamba fundi niliyekwenda naye aliisikiliza ikiunguruma, akautazama moshi, akaniambia, "Mama, hapa umepata gari." Miezi mitano baadaye, likiteremka Kitonga na viazi kutoka Njombe, utingo alinitumia picha ya ufa uliokuwa ukipanda ubavuni mwa chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari zima, nyuma kidogo ya kabini, mpana wa kuingiza sarafu. Ufa huo ulifuata mshono wa kuchomelea uliokuwa umefichwa chini ya rangi nyeusi. Kabla halijafika kwangu, gari lilikuwa limekatwa na kurefushwa ili libebe bodi ndefu zaidi, na viazi vya mteja nilivihamishia gari jingine Ruaha Mbuyuni kwa nauli iliyotoka mfukoni mwangu.

Kwa hiyo sitazungumzia kilomita, viti wala tairi, kwa kuwa hayo kila dalali atakueleza bila kuulizwa. Injini ikifa, inafunguliwa na nyingine inafungwa, na kama una fedha gari linarudi barabarani ndani ya wiki. Chesisi iliyokatwa haina dawa ya namna hiyo.

Wanaorefusha chesisi wana sababu yao: magodoro au makreti matupu hujaza bodi kabla hayajafikia uzito. Shida huanza pale gari hilo linapouzwa kwa mtu wa viazi au mahindi, ambaye akiona nafasi hujaza lumbesa. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ya mwaka 2013, inaruhusu tani 8 kwenye ekseli (mhimili wa magurudumu) ya usukani na tani 10 kwenye ekseli moja ya nyuma yenye tairi nne, na mizani haina habari na urefu wa bodi yako. Unalipia urefu ambao huruhusiwi kuutumia kwa mzigo mzito, na juu yake umebeba mshono uliodhoofishwa na joto la kuchomelea, hasa ukikatiza kingo za juu na za chini za chesisi, ambazo ndizo zinazovutwa na kubanwa zaidi gari linapopinda kwa mzigo.

Ingia chini ya gari mwenyewe, au mlipe fundi aingie, mkiwa na tochi, nyundo ndogo na futikamba. Pima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma, kulia kisha kushoto, magurudumu ya mbele yakiwa yamenyooka. Mimi nikikuta tofauti inayozidi sentimita moja ninaondoka. Tazama ribiti za kiwandani, zile zenye vichwa vya mviringo, na ukikuta boliti mahali ambapo upande wa pili una ribiti, uliza ni nani aliyezitoa na kwa nini. Gonga taratibu kutoka kabini kwenda nyuma, kwa kuwa chuma kilicholiwa na kutu hutoa sauti butu. Rangi mpya chini ya gari kuukuu ikwaruze kwa ufunguo, na muuzaji akinuna, mwache anune. Mwisho linganisha namba iliyopigwa kwenye chesisi na ile ya kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu.

Pamoja na yaliyonipata, chaguo langu la kwanza bado ni Fuso Fighter yenye injini ya 6D17, na sioni haya kusema kwamba ninaipendelea. Pampu yake ya dizeli ni ya kimakenika, fundi wa Makambako anaifungua bila kompyuta, na spea zake zinapatikana Shauri Moyo, mpya na za mitumba. Si bure kwamba watu wetu huita "fuso" hata lori ambalo si Fuso. Nafasi ya pili naipa Isuzu Forward, gari tulivu na lisilo na makuu. Ya tatu ni Scania, ambayo kwa safari ndefu ya Tunduma inazipita zote mbili kwa nguvu, ila spea moja yake inaweza kumeza faida ya safari nzima, na mwenye gari moja tu hana pa kujificha. Zaidi ya hayo, Scania nyingi za mitumba zimetoka Uingereza, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi, kwa hiyo kutu iangaliwe mara mbili. Canter ni nafuu na inafaa mizigo ya mjini, basi.

Kuhusu bei, kinachonikera zaidi ni cha juu. Gari ambalo mwenyewe anataka milioni 38 linapita kwa madalali watatu, kila mmoja anaweka chake, na linakufikia likiwa milioni 44, huku hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuinama chini yake. Ukiomba kuzungumza na mwenye gari, unaambiwa yuko safarini. Ukiomba kadi, unaonyeshwa picha kwenye simu.

Mwezi uliopita nilikwenda na fundi kutazama Fighter nyingine katika yadi tofauti. Alipotandika kiroba ili aingie chini, muuzaji akakumbuka ghafla kwamba gari limeshalipiwa. Wiki mbili baadaye nilipita na kulikuta palepale, chesisi ikinukia rangi.